Ushauri nasaha kwa simu nikiwa ndani ya eda: uzoefu wangu, Mtwara

Mume wangu alifariki Februari 2024. Sisi Waislamu mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, na kwetu Chikongola eda inakaliwa kweli, hutoki ila kwa dharura. Kufika wiki ya sita nilikuwa silali, chakula hakipiti, cherehani nimeifunika shuka. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyenitafutia ushauri nasaha kwa njia ya simu. Nimeitumia huduma hiyo zaidi ya mwaka sasa, na wajane wenzangu wananiuliza ikoje.

Nilianza vibaya. Programu ya kwanza niliyopakua ilikuwa ya kuchati tu. Leo anakujibu huyu, wiki ijayo yule, na kila mmoja anakurudisha mwanzo: pole dada, marehemu alikuwa nani wako? Kusimulia msiba ule ule kwa watu watatu wasiojuana kuliniumiza kuliko kunyamaza. Nikaacha, na pesa haikurudi.

Huduma ya pili ilinipa mtaalamu wa saikolojia mmoja, mwanamke kama nilivyoomba, maana ndani ya eda sikutaka kutazamana na mwanamume asiye maharimu wangu, hata kwenye kioo cha simu. Dakika 50 kila Jumatatu, shilingi 30,000. Si bei ya kila mtu. Mimi mwenyewe nililipiwa miezi miwili ya mwanzo. Lakini yeye yuko Dar, zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa, na mji wetu ni mdogo, ukikaa kwenye benchi la hospitali aliyepita anamjua mama yako. Yule dada hanijui, haujui ukoo wa marehemu, hakuja matangani. Yeye niliweza kumwambia kwamba nina hasira na marehemu. Neno hilo humwambii mtu aliyekuja kukupa pole.

Nilidhani shida itakuwa mtandao. Kumbe shida ilikuwa nyumba. Nyumba yetu haina dari, kuta zinaishia chini ya kenchi na sauti inavuka upande wa pili. Upande huo walikuwepo wifi zangu wawili waliokuja kukaa nami, na nusu ya niliyotaka kusema iliwahusu wao na vitu vya kaka yao. Vipindi viwili nikawa naitikia "ndiyo" na "hapana" tu, mengine naandika. Dawa aliipata binti yangu. Jumatatu saa kumi alasiri anakaa sebuleni na cherehani, anashona. Mlio ukianza nazungumza, ukikatika nanyamaza. Siku ambayo hakuna kazi ya mteja alishona kitambaa kitupu, mstari juu ya mstari, ili mlio usikatike. Mpaka leo nimekitunza kitambaa hicho.

Mtandao nao una siku zake. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar upande wa Somanga, mabasi yakakwama, mimi kipindi changu kikafanyika kama kawaida. Wiki haijaisha, Mei 12, nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika. Jumatatu iliyofuata video haikufunguka kabisa, tukaongea kwa simu ya kawaida, sauti tupu.

Halafu kuna lile ambalo kioo cha simu hakionyeshi. Wiki saba mtaalamu wangu aliamini nimetulia kwa sababu uso wangu umetulia. Siku moja simu ikateleza kutoka kwenye kopo la nyuzi nilipoiegemeza, akaona mapaja yangu yamejaa nyuzi. Nilikuwa nachambua pindo la kanga, uzi mmoja mmoja, limebaki ndevu tupu. Tungekuwa chumba kimoja angeliona siku ya kwanza. Tangu hapo ananiambia niweke simu mbali kidogo, mikono ionekane.

Hili sasa nawaomba mlishike. Kila mwezi najibu maswali tisa ya kupima sonona, yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na alama zikiwa nyingi ndiyo hali mbaya. Mimi nilianza na 17. Swali la tisa linauliza kama umewaza kuwa heri ufe, au kujidhuru. Mwezi wa pili nikajibu "siku kadhaa". Aliacha yote. Akauliza niko chumba gani, nani yuko karibu, akampigia kaka yangu palepale, na asubuhi kaka akanipeleka hospitali ya Ligula. Namba ya kaka na jina la mtaa wangu alizichukua siku ya kwanza kabisa, nami nikamwona mdadisi. Mtu aliyeko Dar hawezi kukushika mkono usiku. Huduma isiyokuuliza uko wapi na apigiwe nani, msiilipe. Na ambaye yuko katika hali hiyo leo asingoje zamu ya simu, amwamshe mtu wake waende hospitali sasa hivi.

Mwezi uliopita nilipata 5. Tunazungumza mara moja kwa mwezi siku hizi. Eda ilishakwisha, ningeweza kwenda kuzungumzia ufukweni Shangani, ila upepo wa kule unameza sauti. Jumatatu ijayo ni chumba kile kile, na binti ameshajaza bobini.