Vuta N'kuvute: naipima kwa kero zangu za usomaji

Hamjambo wapenzi wa riwaya, karibuni sana. Leo nimeshika hapa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Nimeimaliza kwa mara ya tatu juzi usiku. Ila kabla sijaisema, nataka mjue mambo yanayonikera ninaposoma hadithi, maana hiyo ndiyo mizani nitakayoitumia.

Kero yangu kubwa ni majina. Mhusika anaingia anaitwa Fisadi, mwenzake anaitwa Subira, basi, mimi msomaji sina kazi tena. Ukurasa wa pili nishajua nani ataishia jela na nani atalipwa wema wake. Simgusi Shaaban Robert hapa. Kwenye Kusadikika, Karama anashtakiwa na waziri aitwaye Majivuno, na inakaa vizuri kabisa, kwa sababu nchi yenyewe inaelea angani. Lakini ukinipeleka Kariakoo au Kisauni, kwenye nyumba za kupanga na foleni ya maji, nipe watu wenye majina kama ya majirani zangu.

Humu kuna Yasmin, Mwajuma, Denge, Bwana Raza. Hakuna jina linalonihukumia mtu. Yasmin ni binti wa Kihindi, Unguja ya miaka ya 1950, wakati wa Mwingereza, ameozwa Bwana Raza, mume mzee asiyemtaka. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa maisha ya chini anayependa taarabu na starehe zake. Mwandishi angeweza kutuambia kwamba Mwajuma ana roho nzuri. Haambii mtu. Anawaacha tu wale wawili wagawane kilichopo, nami najionea mwenyewe. Hiki ndicho ninachokitafuta katika kila riwaya ninayoinunua, na jamani, ni adimu.

Kero nyingine ni mazungumzo. Mvuvi, hakimu na mtoto wa miaka saba, wote wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari, tena kwa methali tatu mfululizo. Mimi kitabu nakijaribu kwa kukisoma kwa sauti. Ulimi ukikwama, najua hakuna binadamu anayesema vile. Sasa chukueni maneno ya Mwajuma akiwa na shoga yake, muyasome kwa sauti. Yanateleza! Ni Kiswahili cha mjini Unguja, na msomaji wa bara atakutana na maneno mageni. Mimi mara ya kwanza ilibidi niulize watu wa huko. Sikujutia, afadhali niulize neno kuliko mhusika anyang'anywe lugha yake.

Upungufu upo. Denge na wenzake wanaupinga ukoloni kwa siri, na kuna mahali mijadala yao inarefuka mpaka nikawa namsikia mwandishi badala yao. Siasa yenyewe naipenda, tena ndiyo inayokipa kitabu moto wake. Ila moyo wangu ulikuwa kwa Yasmin, nikawa nafunua kurasa haraka kumtafuta.

Mwisho wa hadithi siusemi. Niliwahi kununua riwaya nyingine, siitaji, muhtasari wa jalada la nyuma ukanieleza nani anakufa. Kurasa zote nilikuwa nasubiri kifo kile. Iliniuma kweli, kwa hiyo siwezi kuwafanyia nyinyi. Filamu ya Amil Shivji yenye jina hilihili ilitoka mwaka 2021, na kama hamjaiona bado, naomba muanze na kitabu. Tafuteni nakala yenye herufi zinazosomeka vizuri, na mkifika pale Yasmin anapokwenda kwa Mwajuma hana pa kulala, msiharakishe.