Umehamia Dar na unataka intaneti ya nyumbani? Soma hii kabla hujalipia

Wifi yangu kahama Mombasa kaja Dar na watoto wawili, mume wake kapata kazi huku, wakapanga Tabata Segerea. Wiki ya pili tu kanipigia usiku sauti imejaa machozi, "Wifi, hii intaneti yenu yaniulia kazi." Yeye anashika hesabu za kampuni moja ya Nairobi, kila Jumatatu saa tatu asubuhi ana kikao cha video na bosi wake, na Jumatatu ile picha iliganda mara tatu mpaka bosi akamwambia azime tu kamera. Alikuwa kanunua rauta ya kwanza aliyoonyeshwa dukani, na kalipia miezi mitatu mbele sababu ya ofa.

Iliniuma sana kwa sababu hicho hicho kilinipata mimi nilipohamia Kinyerezi. Mimi nafundisha Kiswahili kwa video, wanafunzi wangu wako Ujerumani na Japani, mtandao ukikata katikati ya somo hela yangu ndo imekata. Kwa hiyo haya nayaandika kwa yeyote anayeingia Dar, awe katokea Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi au karudi nyumbani baada ya miaka mingi ng'ambo.

Kitu kikubwa cha kushika ni hiki, hapa Dar usiulize kampuni gani ni nzuri, uliza kampuni gani ni nzuri kwenye nyumba yako. Rafiki yako wa Mikocheni atakusifia kampuni yake kwa moyo mweupe kabisa na wala hakudanganyi, ila wewe uko Segerea bondeni, mnara uko upande wa pili wa ghorofa la jirani, na spidi anayopata yeye wewe hutaiona hata kwa dawa. Mtaa mmoja tu na mtaa wa pili mambo ni tofauti.

Sasa twende kwenye chaguo zenyewe, naanza na ninayoiamini zaidi.

Namba moja ni faiba, yaani waya unaoingia mpaka ndani, lakini kwa sharti moja: iwe tayari imeshaingia kwa jirani yako. Nasisitiza hapo. Dalali akikwambia "intaneti ipo" mara nyingi anamaanisha kaona nguzo yenye waya barabarani, na kutoka nguzo ile mpaka sebuleni kwako inaweza ikawa wiki au miezi ya kuzungushwa. Gonga kwa jirani, salimia, uliza unatumia ya nani, ikikata wanakuja baada ya siku ngapi. Hilo swali la siku ngapi lina thamani kuliko bango lolote. TTCL wana huduma yao wanaiita Faiba Mlangoni Kwako, Zuku ambayo watu wa Kenya mnaijua wapo pia Dar, Halotel nao wanavuta waya, na kuna kampuni nyingine ndogo ndogo zimeshika majengo fulani. Kwenye maghorofa ya Upanga, Kariakoo, Posta au Masaki unaweza kukuta kampuni mbili tatu kwenye jengo moja, na unaweza pia kukuta mwenye jengo ana mkataba na kampuni moja tu na hataki mwingine atoboe ukuta wake. Kwa hiyo muulize mwenye nyumba KABLA hujalipa ile kodi ya miezi sita, maana ukishalipa huna tena nguvu ya kuongea.

Faida ya faiba ni utulivu. Spidi ya saa nane mchana na ya saa mbili usiku zinakaribiana, na kupandisha vitu, yaani kutuma faili kubwa au picha yako kwenye kikao, kunakuwa kwepesi, na hapo ndo rauta nyingi za laini ya simu zinapoanguka. Watu wengi wanaangalia spidi ya kushusha peke yake afu wanashangaa kwa nini wao wanamuona bosi vizuri ila bosi hawaoni.

Hasara yake ni pale waya unapokatika. Huku kwetu barabara zinachimbwa kila siku, mara njia ya mabasi ya mwendokasi, mara mabomba ya maji, greda likipita limekula waya na mtaa mzima kimya. Mwaka jana yalinikuta, nikakaa siku nne, kila nikipiga huduma kwa wateja naambiwa fundi yuko njiani. Siku ya tano kaja kijana mmoja na kibegi, kakaa chini ya mwembe nje ya geti, kamenya waya mpaka ukabaki uzi mwembamba kama unywele, kaufuta na spiriti taratibu kama anafuta kidonda cha mtoto, kaingiza kwenye kimashine chake, kikalia, basi. Dakika ishirini. Ndani kile kitaa chekundu kilichoandikwa LOS kikazimika. Kijifunze hicho kitaa: kikiwaka chekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kiboksi chako, tatizo liko kwenye waya, kwa hiyo usikubali mtu wa simu akwambie uzime uwashe rauta mara kumi, mwambie LOS inawaka nyekundu, nataka fundi. Na ule waya usiukunje kona kali nyuma ya kabati, mwanga unapotea pale pale.

Namba mbili ni rauta ya laini ya simu, 5G kama ipo kwako, 4G kama haipo. Hii kwa mgeni ndo rahisi, unaingia dukani asubuhi mchana uko hewani, hakuna nguzo wala kutoboa ukuta, na ukihama unaibeba. Vodacom walianza 5G mwaka 2022, Airtel na Yas nao wanayo, na kama wewe ni mgeni jua Yas ndo ile iliyokuwa Tigo mpaka Novemba 2024, mtaani watu bado wanasema Tigo kwa hiyo usidhani ni kampuni mbili.

Ila hapa ndo wifi alipoumia, na ndo nilipoumia mimi. Rauta ile ya kwangu, kampuni siitaji, mchana ilikuwa inasoma Mbps (kipimo cha spidi) 30 na kitu, ikifika saa mbili usiku watu wamerudi makazini kila mtu yuko kwenye simu, inasoma 2. Mnara ni kama bomba la maji la mtaa, wote mkifungua kwa pamoja wa mwisho anapata matone. Kwa hiyo pima usiku, kati ya saa mbili na saa nne, ndani ya nyumba yenyewe, chumba utakachofanyia kazi. Na huhitaji kununua rauta ndo upime. Tulichofanya kwa wifi ni hivi, tukakusanya simu tatu, yangu, yake na ya kijana wa dukani pale chini, kila moja laini ya kampuni tofauti, tukanunua bando la siku, tukazunguka nazo: sebuleni, chumbani, koridoni, dirishani. Tulipima siku mbili usiku na Jumatatu asubuhi saa tatu, saa ile ile ya kikao. Laini aliyoinunulia rauta ilikuwa ya tatu kati ya tatu! Iliyoshinda ilikuwa ni ile ambayo hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameisifia, na ilishinda kwenye dirisha la jikoni tu, kwa sababu ndo linatazama mnara.

Ndo maana rauta ya laini haikai popote tu. 5G hasa haipendi kuta, zege na mabati vinaikata, isogeze dirishani upande wa mnara, juu, isifichwe nyuma ya tivii. Rauta ya wifi saivi iko juu ya friji. Na ndani ya nyumba kuna waifai za aina mbili, ile ya 2.4 inafika mbali ila taratibu, ile ya 5 ina kasi ila ukifunga mlango wa chumba cha pili inachoka, na hiyo 5 ya waifai haina undugu na 5G ya mnara, wauzaji wengine wanazichanganya.

Uliza pia "bila kikomo" yao ina maana gani. Vifurushi vingi vya nyumbani vinauzwa kwa spidi, unalipia Mbps 10 au 20 au 30 kwa mwezi, lakini wengine wakiona umetumia sana wanakupunguzia spidi mpaka mwezi uishe. Muulize muuzaji wazi, nikifika GB ngapi mnanipunguza, na mnanipunguza mpaka ngapi, akuandikie kwenye meseji. Na ujue Mbps sio MB, Mbps 8 ndo sawa na MB moja kwa sekunde, kwa hiyo usione faili la MB 800 kwenye Mbps 20 linachukua dakika tano na kitu ukadhani umeibiwa.

Kwa matumizi, filamu ya HD inakula mpaka GB 3 kwa saa, watoto wakiangalia saa mbili kwa siku ni kama GB 180 kwa mwezi hapo bado wewe hujafungua laptop. Ndo maana kuwasha hotspot ya simu kwa bando za kawaida nimeiweka namba tatu na ni ya kuanzia tu, wiki mbili za mwanzo wakati unapima. Ukiifanya ndo intaneti ya nyumba utalipa zaidi na simu itachemka. Spidi ya Mbps 10 ya kweli inatosha mtu mmoja wa vikao na mtoto mmoja wa katuni, familia ya watu watano nenda 20 au 30. Usikimbilie 100, hela hiyo nunua UPS, ile betri ya kushika umeme ukikatika, nitaifikia.

Namba nne ni zile antena za juu ya paa zinazotazamana na mnara wa kampuni ndogo. Kwa Kigamboni ndani huko au Bunju ambako waya haujafika na laini zinayumba, zinasaidia, ila utegemee fundi mmoja mzuri.

Ya mwisho satelaiti. Najua mnaotoka Kenya mmeizoea Starlink, kwenu iko tangu Julai 2023, na wifi alitaka kabisa kupita nayo mpakani Horohoro kwenye basi. Nikamwambia subiri. Huku huduma yoyote ya mawasiliano inahitaji leseni ya TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, na vifaa vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na wao, kwa hiyo pita kwanza ofisi zao pale Barabara ya Sam Nujoma, uliza, ndo ubebe.

Sasa mambo ya makaratasi. Laini huku inasajiliwa kwa alama za vidole, Mtanzania anatumia namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mgeni anatumia pasipoti, na ukishapata kibali cha kuishi NIDA wana kitambulisho cha mgeni mkaazi. Usikubali muuzaji akusajilie laini ya rauta kwa jina lake "ili iwe haraka", siku laini ikifungwa huna pa kusemea. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na kama ofisi inakulazimisha VPN, ile programu ya kuingia mtandao wa ofisi kwa njia ya siri, TCRA walitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia watoe taarifa kwao, kwa hiyo mwambie mwajiri wako mapema. Kwenye malipo, M-Pesa yako ya Safaricom na M-Pesa ya Vodacom huku ni vitabu viwili, fungua ya huku ndo ulipie.

Umeme. Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha Februari 2024 ule mgao mkali umepungua, lakini kukatika kupo, saa moja, saa tatu. Rauta nyingi zinatumia volti 12, geuza nyuma usome kibandiko, afu Kariakoo kuna UPS ndogo za rauta, zinashika masaa kadhaa. Hii kwangu ni lazima kama rauta yenyewe. Mwanzo wifi alikuwa anauliza "stima ikipotea je?", sasa hivi umeme unakata yeye yuko kwenye kikao na bosi hajui.

Na weka akiba, laini ya kampuni nyingine kwenye simu yenye bando dogo. Kumbuka tu kwamba hata hiyo ina mwisho wake, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na SEACOM, zilikatika na nchi karibu nzima ikayumba, faiba kwa laini, siku ile nilituma meseji za kawaida kuahirisha masomo.

Jambo la mwisho, usilipe zaidi ya mwezi mmoja mara ya kwanza, hata ofa iwe tamu vipi. Uliza rauta ni yako au ya kuazima, ukihama unairudisha wapi, na inafungwa kwa kampuni hiyo tu au inakubali laini nyingine. Ya kwanza ya wifi ilikuwa imefungwa, hakuna aliyeinunua, ipo kabatini na miezi miwili iliyobaki iliishia humo humo.