Maji au Barakoa: Vumbi la Machimbo ya Mawe Nairobi
Katika machimbo ya mawe ya Njiru, mashariki mwa Nairobi, msumeno wa kukatia mawe unapozunguka kavu, vumbi hutanda hadi kope za mkataji zikawa kama zimepakwa unga. Chembe ndogo za silika, madini yaliyomo ndani ya mawe, zisizoonekana kwa macho, ndizo hupenya mapafuni na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ambao pia huongeza hatari ya kifua kikuu.

Barakoa ya N95, inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, haihitaji mtaji mkubwa, lakini hujaa vumbi upesi, na ndevu zikiizuia kubana uso, hewa chafu hupita pembeni. Maji yanayomwagiwa msumeno hudai pampu, tangi na, katika jiji ambalo mifereji hukauka kwa siku kadhaa, pesa za lori la maji. Hata hivyo, hulizuia vumbi pale linapozaliwa, na humkinga pia mpakiaji na mama anayeuza chai kando ya shimo, ambao mara nyingi hakuna anayewakumbuka barakoa zinapogawanywa. Mimi ningeanza na maji, kisha barakoa iongezwe, kwani Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga.