Nililipia kukosolewa renda zangu za soko la dagaa Kibirizi

Nimemaliza mwaka wa tatu wa usanifu majengo, niko nyumbani Kigoma natafuta ofisi ya kufanyia mafunzo kwa vitendo. Kila ofisi inataka potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako, na chuoni ukishapewa alama hakuna anayerudi kukuambia picha yako ilikuwa na tatizo gani. Nikamlipa msanifu mmoja wa Dar anayepitia kazi za wanafunzi kwa simu, shilingi 15,000 kwa picha. Nikatuma renda tano, yaani picha za kompyuta zinazoonyesha jengo ambalo halijajengwa. Ni za mradi wangu, soko la dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, ufukwe wa Ziwa Tanganyika wanakoshushia samaki.

Aliahidi siku mbili, zikawa sita. Siku ya nne ilibidi nipige mwenyewe, na muda wa maombi ulikuwa unaniishia.

Ila majibu yalikuwa na nyama. Kila picha ilichorwa mistari myekundu, ikaja na ujumbe wa sauti. Kamera nilikuwa nimeiweka mita tatu juu ili paa lionekane. Akauliza, "Huyu anayetazama kapanda nini?" Nikaishusha hadi mita 1.6, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, nikainyoosha isiinamie chini. Nguzo zikasimama wima, na soko likaanza kuonekana mahali pa kuingia watu.

Kosa jingine ni ukubwa. Nilirenda kwa pikseli 1920 kwa 1080. Kwenye kioo cha kompyuta inaonekana safi, ukichapa kwenye karatasi ya A3 inatoka na ukungu. A3 ya nukta 300 kwa inchi inataka upana wa pikseli 4961. Kompyuta yangu haina kadi ya picha na betri yake ilishakufa. Blender, programu ninayorendia, ikakesha na picha moja, alfajiri umeme ukakatika, nikaanza upya.

Picha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya jioni: anga la rangi ya chungwa, akina mama wakianika dagaa. Aliandika tu, "Hapo jua linazama wapi?" Anga nilipakua mtandaoni nikalibandika, jua likatokea upande wa nchi kavu. Mimi niliyekua nikiliona likizama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo! Nikaligeuza, nikajipongeza.

Kisha nikamwonyesha shangazi, ambaye ameanika dagaa Kibirizi tangu sijazaliwa. Akaishika simu mbali na macho, akacheka. "Mwanangu, dagaa jioni wanaanikwa na nani?" Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa asubuhi, na jua likishuka wanakuwa wameshakusanywa. Jioni ni saa ya mitumbwi kutoka. Akasogeza picha kwa kidole. "Na hawa wenye makoti ni watalii?" Watu hao niliwatoa kwenye maktaba ya bure ya picha, wamevaa kwa baridi ya Ulaya. Msanifu niliyemlipa hakuwagusa kabisa.

Nitamlipa tena, ila picha mbili zinatosha: kosa la kamera lilikuwa kwenye zote, nikaelezwa jambo lile lile mara tano kwa bei ile ile. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokyumenti. Ukituma kama picha inabanwa, utakosolewa ukungu usio wako.

Ile ya jioni sasa ni ya asubuhi. Jua nimelirudisha upande wa nchi kavu, pale pale lilipokuwa mwanzo. Chungwa nimelifuta angani, na akina mama nimewavua makoti nikawafunga kanga.