Kihariri changu kilipogoma kulinganisha faili

Nyota nne. Wiki iliyopita ningekipa moja, tena kwa shingo upande.

Kihariri maandishi hiki ni cha bure na nakitumia kwa kila kitu, ila ninachokipendea hasa ni kulinganisha faili mbili zikiwa zimekaa ubavu kwa ubavu. Kila mwisho wa mwezi naweka orodha ya bei za spea ya mwezi uliopita na ile mpya, natazama kilichopanda. Faili zenyewe ndogo tu, MB 4, mistari kama 60,000. Zamani ilikuwa sekunde mbili. Mwezi huu nikabonyeza, feni ikaanza kuunguruma, dirisha likawa jeupe. Nikaenda kunywa chai; narudi, bado jeupe. Nikaizima kwa nguvu.

Nikaanza kwa kulaumu RAM, kama kawaida yetu. Nikafunga kivinjari, nikaondoa na nyongeza zote. Wapi! Kilichonifumbua macho ni herufi chache pale chini, kona ya kulia: faili moja inasema CRLF, nyingine LF. Kumbe anayenitumia orodha ameacha Windows, amehamia mfumo wa Linux. Windows hufunga kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana (CRLF), Linux kwa moja (LF). Kwangu mimi mistari ni ileile. Kwa kompyuta, yote 60,000 imebadilika. Na programu nyingi za kazi hii zinafuata mbinu ya mwanasayansi wa kompyuta Eugene Myers ya mwaka 1986, ambayo huruka upesi faili zikikaribia kufanana, ila kila tofauti inayoongezeka inaielemea.

Nikazigeuza zote kuwa LF. Ikashuka hadi nusu dakika hivi, na bado sikuridhika. Orodha mpya haikuwa imepangwa kwa namba ya spea, kwa hiyo nikazipanga zote mbili (panga nakala, usiguse faili halisi), kisha nikazima rangi zinazoonyesha herufi iliyobadilika ndani ya mstari. Haikufika hata sekunde mbili.

Nyota ya tano siitoi. Tofauti ya CRLF kilikuwa kinaijua muda wote, kikaiandika pale kwa herufi za sisimizi, kisha kikanyamaza. Halafu hakuna hata kitufe cha kusitisha.