Darasa la kunyoosha viungo: msaidizi anajua kazi, mwalimu aondoe mikono

Mtu aliyekakamaa viungo hasukumwi mgongoni. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonipandisha hasira, na miezi imepita lakini haijashuka. Tumeketi mkekani, miguu imenyooshwa mbele, tumeambiwa tushike vidole vya miguu. Mikono yangu ilikomea chini kidogo ya magoti. Mwalimu akaja kwa nyuma, akaweka viganja viwili kwenye mgongo wangu, akabonyeza, akasema ukumbi mzima ukisikia: "Legeza mwili bwana, mbona wenzako wanafika? Unaogopa nini?"

Hapakuwa na woga hapo. Misuli ya nyuma ya paja imejishikiza juu kwenye mfupa wa kukalia, na chini inavuka goti. Ikiwa imekaza, ukiketi na kunyoosha miguu inalivuta fupanyonga lilale kwa nyuma, na kiuno hakina njia ila kupinda. Anayebonyeza hapo haongezi urefu wa msuli wa paja hata kidogo. Anazipinda pingili za chini za uti wa mgongo, penye diski, yaani vile vito laini vilivyo kati ya pingili, tena kwa uzito wa mwili wake yeye. Na msuli ukivutwa ghafla hujibu kwa kujikaza. Hiyo ni kinga ya mwili, inajiendesha yenyewe, kwa hiyo kumfokea mtu "legeza" huku unamsukuma ni kumtaka afanye kisichowezekana.

Dawa yake ilikuwa ya nusu dakika: blanketi lililokunjwa chini ya makalio, kimo cha sentimita 10 hivi, magoti yakunjwe kidogo, kisha kifua kiende mbele badala ya kichwa kushuka chini. Bora zaidi, lala chali. Mguu mmoja ubaki sakafuni, wa pili uuinue kwa mkanda au kitambaa kirefu kilichopita chini ya unyayo. Sakafu inakutunzia kiuno. Jaribu kuurudisha mguu chini huku mkanda ukiuzuia, sekunde 5 au 6, toa pumzi, halafu uvute tena na ushikilie sekunde 30. Mara mbili kila mguu inatosha. Mguu utapanda zaidi ya ulipoanzia, na hakuna aliyekugusa. Kama unachosikia ni ganzi au mchomo kama wa umeme unaoshuka nyuma ya goti hadi unyayoni, huo ni mshipa wa fahamu, nao hautaki kuvutwa na kushikiliwa. Punguza hapo hapo.

Hadi hapa nilikuwa nimeshaandika nyota moja. Lakini haki lazima isemwe: nusu ya pili ya kipindi iliongozwa na msaidizi wake, na ile ilikuwa kazi safi.

Alifundisha mazoezi matatu yanayofahamika kupitia Stuart McGill, mtafiti wa mgongo, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno ili uwazi wake usipotee, inua kichwa na mabega kidogo tu. La pili: lala ubavu, jiinue kwa kiwiko, mwenye kiwiliwili dhaifu aegemee magoti, si nyayo. La tatu: piga magoti, viganja sakafuni, nyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Kila mkao sekunde 10, usizidishe. Pumzika kidogo, rudia mara 6, kisha 4, kisha 2. Sekunde zinabaki chache makusudi, ili misuli ijifunze kushika bila kuchoka hadi mkao kuharibika. Wengi wanashikilia dakika nzima, kiuno kimedidimia, pumzi imebanwa, wakidhani wamejijenga.

Na alijua makosa yanapotokea. Katika lile la tatu mguu hupanda kupita kimo cha makalio, kiuno kikapinda, nyonga ikafunguka pembeni. Alimlazia kila mmoja wetu fimbo nyepesi mgongoni: iguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa nyuma ya nyonga. Ikidondoka, umekosea. Hakumwinulia mtu sauti.

Kisha akauliza swali ambalo nilitamani liwe la kwanza: "Nyumbani ni kitu gani kinawashinda?" Hapo ndipo darasa lilipopata maana. Kuamka kitandani: usikurupuke kwa tumbo, geuka ubavu, mabega na nyonga kwa pamoja, shusha miguu nje huku mkono ukisukuma godoro. Soksi: keti, pandisha kifundo cha mguu juu ya goti la pili, nyonga ikikataa, mguu uende juu ya kigoda. Kuokota kitu chepesi: shika ukingo wa meza, mguu mmoja uinuke nyuma, uinamie nyongani mgongo ukiwa umenyooka. Kitu kizito hakiokotwi hivyo. Kisogeze karibu na mwili kwanza. Chafya ikikukuta umeinama, simama wima au weka kiganja ukutani, kaza tumbo kama unayetarajia kupigwa ngumi. Chafya inapandisha shinikizo la tumbo kwa ghafla, na kiuno dhaifu kilichopinda hakihimili.

Kwenye kuchuchumaa ndiko alikonishangaza kabisa. Wengi visigino vyetu viliinuka, na kila mtu alilaumu nyonga. Akatusimamisha mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Wengi tulishindwa. Tatizo lilikuwa kifundo cha mguu! Weka ubao mwembamba chini ya visigino, shika kitu kisichoyumba, chuchumaa. Huku ukinyoosha misuli ya chini ya shavu la mguu, goti limekunjwa, sekunde 30 kila mguu, siku mbili tatu kwa wiki.

Nikapandisha: nyota tatu, nne hata.

Halafu mwalimu akarudi kufunga kipindi, akatupa kazi ya nyumbani: kila asubuhi, ukitoka tu kitandani, simama uguse vidole vya miguu kwa kudundadunda mara 20. Mara ishirini! Usiku diski hunyonya maji na kuvimba, kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka ndio wakati ambao kuinama kunazibana zaidi. Msaidizi ametumia nusu saa kutufundisha kulinda kiuno, bosi wake anaibomoa kazi hiyo kwa sentensi moja. Nilimwambia mbele ya watu, kwa adabu: "Mwalimu, asubuhi mapema si wakati wake." Akajibu, "Visingizio hivyo ndivyo vinavyowafanya mkakamae."

Nyota mbili, basi. Zote za msaidizi. Sitasema msiende, kwa sababu nimeona wachache wakifundisha yale mazoezi matatu kwa usahihi ule, na kwa mwenye kiuno kinacholegea akisimama dakika kumi tu, yana faida kubwa kuliko miezi ya kuvutana na vidole vya miguu. Ila mwenye ganzi sehemu za kukalia, au aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo, hilo si la darasani. Hospitali, siku hiyo hiyo.

Ukienda, beba blanketi lako, ingia nusu ya pili ikiwezekana. Ukikuta ni zamu ya yule mwingine, keti safu ya ukutani, mgongo ukielekea ukuta, ili asipate njia ya kupita nyuma yako.