GeneXpert baada ya miaka tisa mezani kwangu: nyota nne, ya tano nimeibana

Jumamosi mchana, niko zamu peke yangu, mlango wa A2 wa mashine ndo nimeufunga sa hivi, kwahiyo nina kama saa moja na dakika ishirini kabla haijatoa kitu. Nimeona nitumie muda huu kuandika ile rivyuu ya GeneXpert, mashine yetu ya kupima TB, ambayo wadogo zangu wa chuo wakija fildi huwa wananiomba kila mwaka, "kaka ile mashine ikoje, kweli unaweka tu makohozi unaondoka?" Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndo hili.

Nianze na nilikotoka mana bila hivyo hutaelewa kwa nini naipenda. Nimeanza kazi 2013, hospitali ya wilaya, huku pwani kwenye joto, diploma mkononi, koti jeupe limenyooka, nikakabidhiwa darubini na chupa ya kabol fuksini. Hiyo ndo ZN, njia ya zamani ya kutafuta TB kwa darubini, na kwa asiyeijua: unapaka makohozi kwenye slaidi, unakausha, unamwagia ile kabol fuksini nyekundu, unapitisha moto chini mpaka itoe mvuke lakini isichemke, unaosha na asidi alkoholi, unaweka bluu, halafu unang'ang'ana na lenzi ya mafuta unapitia maeneo mia moja ya slaidi ndo uthubutu kuandika hasi. Slaidi ishirini na kitu kwa siku. Usiku ukifumba macho unaona vijiti vyekundu kwenye ukuta wa bluu. Na pamoja na jasho lote hilo, darubini inataka mgonjwa awe na vimelea kama 5,000 mpaka 10,000 kwenye kila mililita ya makohozi ndo uvione. Mwenye VVU, mtoto, mtu aliyeanza tu kuumwa, hao walikuwa wanapita mbele ya macho yangu na TB yao na mi naandika hasi kwa mwandiko mzuri kabisa.

Usugu wa dawa ndo usiseme. Darubini haiwezi kukwambia kama hicho kijiti bado kinaiogopa rifampisini, dawa kuu ya TB, au kimeshaizoea. Ilikuwa sampuli isafirishwe ikaoteshwe, na TB inaota taratibu kama haitaki, wiki 6 mpaka 8 kwenye chakula kigumu, majibu yakirudi unaambiwa mgonjwa kahama, au umeshachelewa.

Basi 2016 likaja boksi. Mashine yenyewe ya kijivu, ndogo kuliko nilivyowaza, vimilango vinne, kompyuta pembeni na kile kijitochi cha kusoma misimbo kama cha supamaketi. Ni ya Cepheid ya Marekani, na WHO walishaipitisha tangu Desemba 2010 kwahiyo sisi tuliipata wakati wenzetu wameshaizoea.

Kazi yako wewe ni hii: makohozi, unaongeza ile dawa yake mara mbili ya ujazo wa sampuli, unatikisa kwa nguvu, unaacha dakika kumi, unatikisa tena, unaacha dakika tano, unavuta mililita mbili unaweka kwenye katriji, unaskani, unafunga mlango. Imeisha. Maajabu yote yako kwenye katriji si kwenye mashine. Ndani ya kile kikombe cha plastiki kuna vyumba vidogo vidogo na valvu inayozunguka, sampuli inasukumwa chumba hadi chumba, vimelea vinachujwa vinaoshwa, vinapasuliwa kwa mawimbi ya sauti, DNA inatoka, inazidishwa, na kuna viini vinavyowaka mwanga vikigusana na kipande chake. Kipande hicho ni cha jini ya rpoB, sehemu ndogo ya herufi 81, na ndo hapo hapo mabadiliko mengi yanayoleta usugu wa rifampisini yanapokaa. Kwahiyo kipimo kimoja kinakupa majibu mawili, TB ipo au haipo, na rifampisini itafanya kazi au haitafanya. Zamani hiyo ilikuwa jengo zima na watu waliofunzwa miaka, sa hivi ni jiko, sinki na sahani ndani ya kikombe kimoja.

Halafu 2017 ikaja katriji mpya, Ultra. Hapa ndo niliacha kubishana na mtu. Katriji ya kwanza ilihitaji vimelea mia na kitu kwa mililita, Ultra inashika hata 16. Linganisha na zile elfu tano za darubini uniambie.

Kwa watoto ndo nimeikubali zaidi. Mtoto wa miaka miwili hakohoi akatema, anameza, kwahiyo zamani ilikuwa mrija puani mpaka tumboni alfajiri kabla hajala, mtoto analia, mama analia, nesi naye yuko karibu kulia. Siku hizi Ultra inapokea kinyesi. Mama analeta kikopo. Hakuna mrija.

Sasa kasoro, na hapa naomba tuelewane, nyingi si za mashine.

Ya kwanza ni mate. Jamani mate! Mashine ya maelfu ya dola haijui tofauti ya mate na makohozi, ukiipa mate itayapima kwa heshima zote itakwambia hasi. Jumanne kuna mzee aliletwa na kijana wake, amekonda, anakohoa mwezi wa pili, akarudi na kikopo kina povu tupu. Angepokelewa na mwanafunzi wa fildi ingeshapakiwa hiyo. Nikamwita pembeni, "shikamoo mzee, hii ni mate baba, nataka ile ya kutoka chini kabisa kifuani, asubuhi kabla hujanywa chai, vuta pumzi mara mbili tatu ndo ukohoe." Akaniangalia kama namchosha, akaondoka. Nikajua ndo basi harudi. Kumbe leo asubuhi karudi na kitu cha maana kabisa, kizito cha njano, na ndo hicho kiko A2 sa hivi. Hakuna chuo nilichofundishwa kuongea na mzee kuhusu makohozi bila kumvunjia heshima, hiyo nimejifunza benchi.

Ya pili ni umeme. Umeme ukikatika katikati katriji imekwenda, huwezi kuendelea ulipoishia, unaanza upya kama sampuli imebaki. Yupiesi inakupa dakika chache tu. Na joto, katriji zinataka nyuzi 2 mpaka 28, mashine inataka 15 mpaka 30, huku kwetu Februari stoo bila AC inapita hapo saa nne asubuhi. Mwaka juzi radi ya masika iliondoka na A3 yetu. Tuliripoti siku hiyo hiyo kwa wakala, na wakala huyo simtaji, lakini moduli mpya, yaani kile kimashine cha nyuma ya mlango, ilitukuta tumeshasahau kuna mlango wa tatu. Miezi. Na ukumbuke hata zikiwa nzima kila moduli inataka kukaguliwa usahihi (kalibresheni) kila mwaka au baada ya vipimo 2,000, kinachotangulia. Mtu anayekuja kukukabidhi mashine na kupiga picha hakwambii habari hizo, kwahiyo nawaambia mimi: kabla ya kushangilia mashine uliza mkataba wa matengenezo uko wapi na unaisha lini.

Tatu, foleni. Mashine hii hii inapima TB, inapima wingi wa virusi vya UKIMWI, inapima watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye VVU, inapima HPV, kile kirusi cha saratani ya shingo ya kizazi, 2020 wakaongeza na korona. Milango minne, zamu moja ukijitahidi sana ni sampuli kama kumi na sita. CTC, kliniki ya VVU, wanapiga simu, RCH, kliniki ya mama na mtoto, wanapiga simu, kliniki ya TB wamekaa mlangoni kabisa. Mganga mmoja wa zamani alishaniambia "si unabonyeza tu wewe." Sawa daktari.

Nne ni neno moja kwenye skrini, Trace. Ultra kwa kuwa ina pua kali hivyo, inaweza kunusa mabaki. Inasoma DNA, na DNA ya kimelea kilichokufa haina tofauti na ya kilicho hai. Mtu aliyetibiwa TB mwaka jana anaweza kukupa tresi wakati hana ugonjwa. Kwa mwenye VVU au mtoto, tresi ni TB, anaanzishwa dawa. Kwa wengine rudia sampuli, kaa na daktari, soma historia. Ndo maana pia hatuitumii kufuatilia mgonjwa aliye kwenye dozi, hapo tunarudi kwa bibi darubini, na ndo maana nawasumbua vijana wajifunze ZN vizuri mana naona wanaipita kama somo la historia.

Bei. Mashine ya milango minne kwa nchi zetu ilikuwa kama dola elfu 17. Katriji ilikaa dola 9.98 tangu 2012 mpaka Septemba 2023 iliposhuka 7.97, baada ya kelele za miaka, MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na wenzao wanasema inawezekana kuuzwa dola 5 na bado faida ikabaki. Mgonjwa wetu halipi, ni bure, lakini kuna mtu analipa na siku huyo mtu akiyumba mi naona stoo kwanza kabla hujasikia kwenye redio. Na ile katriji ya XDR inayopima usugu wa isoniazidi na dawa nyingine bado bei yake iko juu, halafu haiingii kwenye moduli zetu zinazosoma rangi sita za mwanga, inataka zinazosoma rangi kumi. Hapa nimekunja uso kidogo, unanunua gari kisha unaambiwa tairi jipya linataka gari jingine.

Mbadala upo. Truenat ya India inatumia betri, WHO waliipitisha 2020, kwa zahanati isiyo na umeme wa kueleweka mi ningeifikiria, ila ina hatua mbili, utoe DNA kwanza ndo uweke kwenye chipu, mikono inaingia zaidi. Na tusiwasahau panya wa shirika la APOPO pale Morogoro, waliofundishwa kunusa TB, panya mmoja anamaliza sampuli mia kwa dakika ishirini, japo akinusa lazima ithibitishwe maabara. Kuna mtu huwa anacheka nikisema hivyo. Panya hana kalibresheni.

Kwahiyo nyota nne. Ningekuwa napimia katriji peke yake ningetoa tano na chenji. Ile moja nimeibana kwa ajili ya moduli, bei na simu za wakala zisizopokelewa. Kama wewe ni mganga mfawidhi na unafikiria kuiomba, omba, ila kwenye barua hiyo hiyo omba AC, betri na mtu wa pili wa zamu.

Ngoja, A2 imelia.

MTB, yaani kimelea cha TB, ipo, kiwango cha kati. Usugu wa rifampisini haujaonekana. Natafuta namba ya yule kijana wake kwenye rejista, aliandika kwa penseli, tarakimu ya mwisho sijui ni moja au saba. Naanza na moja.